Fedha za parachuti zinaivuruga Championship

Nikiambiwa nichague kati ya Ligi Kuu ya Uingereza na Championship, ligi iliyo chini yake, nachagua Championship, ingawa fedha za parachuti, yaani malipo yanayopewa timu zinazoshuka kutoka Ligi Kuu, zinaiharibu. Timu 24, mechi 46 kwa kila timu, kuanzia Agosti hadi Mei, na wiki nyingi unachezwa mpira Jumamosi na katikati ya wiki pia. Ligi Kuu wana mechi 38. Mechi nane za ziada ni nyingi kuliko mtu anavyodhani, maana kocha mwenye wachezaji kumi na mmoja wazuri bila akiba ya maana hafiki mbali. Ikifika Februari misuli inachanika, adhabu za kadi zimeshawaweka nje watu muhimu, na beki wa akiba aliyesajiliwa bila mbwembwe ndiye anayebeba msimu.

Msimamo wake nao umepangwa kwa akili. Wawili wa juu wanapanda moja kwa moja, watatu wa mkiani wanashuka. Mwaka 1987 ukaanzishwa mchujo, na kwa miongo kadhaa timu za nafasi ya tatu hadi ya sita zimekuwa zikigombania nafasi moja ya kupanda iliyobaki: nusu fainali nyumbani na ugenini, kisha fainali moja katika uwanja wa Wembley. Kwa hiyo timu iliyo nafasi ya kumi na mbili mwezi Machi bado ina hesabu za kupiga. Ikishinda nne mfululizo inanusa mchujo. Ikipoteza nne, inaanza kugeuka kuangalia nani anakuja nyuma.

Wapo wanaosema mchujo ni dhuluma, kwamba wa tatu anaweza kumwacha wa sita kwa pointi lukuki na bado akakosa kupanda. Hoja hiyo ina uzito, na Italia wameitafutia dawa: katika Serie B, ligi yao ya daraja la pili, wa tatu akimzidi wa nne kwa zaidi ya pointi 14, mchujo unafutwa na yeye anapanda. Ninaloshindwa kulikubali ni la Ujerumani. Kule, tangu 2009, wa tatu wa 2. Bundesliga, ligi ya daraja la pili, anakutana katika mechi mbili na timu iliyomaliza ya 16 Bundesliga, ligi ya juu. Timu iliyoboronga mwaka mzima ikiwa na fedha za ligi ya juu inapewa nafasi nyingine ya kujiokoa, tena dhidi ya mwenye bajeti ndogo, na mara nyingi inasalimika. Hamburger SV walinusurika hivyo 2014 dhidi ya Greuther Fürth bila kushinda hata mechi moja kati ya hizo mbili, kwa bao la ugenini tu, ambalo wakati huo lilihesabiwa zaidi jumla ya mabao ikilingana. Mwaka uliofuata wakarudia tena dhidi ya Karlsruhe. Waliposhuka kweli, 2018, ilibidi wasubiri hadi 2025 kurudi.

Mchujo wa Uingereza, pamoja na kasoro zake, unawakutanisha watu waliokuwa kwenye vita moja. Nani amesahau nusu fainali ya mchujo ya Mei 2013, Watford na Leicester? Dakika za mwisho kabisa Leicester wanapata penalti ambayo ingewapeleka Wembley. Kipa wa Watford, Manuel Almunia, anaokoa mkwaju wa Anthony Knockaert, anaokoa na mpira uliorudi, Watford wanaondoka nao hadi upande wa pili na Troy Deeney anafunga. Leicester waliolia siku ile walipanda mwaka uliofuata wakiwa mabingwa wa Championship, na 2016 wakatwaa Ligi Kuu. Jamie Vardy na Riyad Mahrez walipanda nao kutoka ligi hiyo. N'Golo Kanté naye miaka michache kabla alikuwa Ligue 2, daraja la pili la Ufaransa, akiwa na Caen. Anayeidharau ligi ya daraja la pili ajiulize wachezaji wa aina hiyo wanapikwa wapi.

Sasa nije kwenye kinachoniuma, nacho ni fedha.

Mkataba wa matangazo ya ndani wa Ligi Kuu ulioanza msimu wa 2025/26 ni wa paundi bilioni 6.7 kwa miaka minne, kwa klabu 20. Ule wa EFL, yaani klabu 72 za madaraja matatu yanayofuata, ni paundi milioni 935 kwa miaka mitano. Timu inayomaliza mkiani mwa Ligi Kuu inavuna zaidi ya paundi milioni 100 kwa msimu. Ikishuka haiachwi mikono mitupu: kuna fedha za parachuti, ambazo mwaka wa kwanza ni asilimia 55 ya fungu ambalo klabu zote za Ligi Kuu hugawana sawa, mwaka wa pili asilimia 45, wa tatu asilimia 20. Iliyokaa juu msimu mmoja tu inalipwa miaka miwili. Fungu la mwaka wa kwanza pekee linazidi paundi milioni 40. Wapinzani wao wapya, ambao hawajaonja Ligi Kuu kwa miaka kumi, wanaishi kwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, kisha wanaambiwa washindane nao.

Matokeo tunayaona. Leicester, Leeds na Southampton walishuka 2023. Msimu uliofuata Leicester walikuwa wa kwanza, Leeds wa tatu, Southampton wa nne, na fainali ya mchujo ikawa ya hao wawili wa mwisho. Ipswich, waliotoka daraja la tatu mwaka mmoja tu kabla, ilibidi wafikishe pointi 96 ili kujipenyeza nafasi ya pili. Pointi 96! Najua pia fedha si kila kitu. Luton walipanda 2023 bila parachuti, wakashuka 2024, wakazipata hizo fedha na bado 2025 wakaporomoka hadi daraja la tatu. Uongozi mbaya na majeraha vinaweza kummaliza yeyote. Lakini Luton ni mmoja, na ligi haiwezi kuendeshwa kwa kumtegemea mmoja atakayeanguka.

Madhara makubwa zaidi yako kwa wale wasiopata fedha hizo. Wanajaribu kuwafukuzia waliotoka juu, na wanafanya hivyo kwa fedha za mfukoni mwa mmiliki. Kuna misimu ambayo klabu za Championship kwa ujumla wake zimelipa mishahara inayozidi mapato yao yote. Kwa miaka mingi kanuni zimeruhusu klabu kupata hasara ya hadi paundi milioni 39 kwa miaka mitatu, na wapo waliovuka hata hapo. Derby County msimu wa 2021/22 walivuna pointi 55 uwanjani, wakakatwa 21 kwa kufilisika na kuvunja kanuni za fedha, wakabaki na 34 na kushuka. Wachezaji wa kocha wao, Wayne Rooney, walipigana kila wiki kulipa deni ambalo hawakulikopa wao. Shabiki aliyekata tiketi ya msimu mzima naye aliadhibiwa, na hakuwahi kusaini hata hundi moja.

Wanaotetea parachuti wanasema bila hizo hakuna klabu iliyopanda itakayothubutu kusajili, kwa hofu ya kubaki na mikataba mizito ikishuka. Hofu hiyo ni ya kweli. Ila dawa yake iko ndani ya mkataba wenyewe: kuweka kipengele kwamba timu ikishuka, mshahara unashuka nayo. Klabu nyingi zinafanya hivyo tayari. Asiyekiweka anajua kuna wa kumlipia, na huyo ndiye mfumo unamlea.

Ujerumani, niliowalaumu kwa mchujo wao, hapa wamewapita Waingereza. Leseni ya kucheza inatolewa upya kila msimu baada ya vitabu vya hesabu kukaguliwa, na asiyetimiza masharti anaondolewa bila kuangaliwa jina. 1860 München waliposhuka kutoka 2. Bundesliga mwaka 2017 walishindwa kupata leseni hata ya daraja la tatu, wakaenda la nne. Ni ukali unaoumiza, lakini unakuja kabla ya msimu kuanza, si Novemba pointi zikiwa zimeshatafutwa kwa jasho.

Uingereza sasa ina mdhibiti huru wa soka, aliyeundwa kwa sheria ya 2025, mwenye uwezo wa kuingilia Ligi Kuu na EFL zikishindwa kukubaliana kuhusu mgawanyo wa fedha, parachuti zikiwemo. Ningependa aanze hapo. Malipo ya anayeshuka yawe ya mwaka mmoja, yafungwe kwenye mishahara ya mikataba iliyosainiwa kabla ya kushuka, na yasitumike kusajili mtu mpya. Kinachobaki kigawanywe sawa kwa klabu zote 24. Klabu za Ligi Kuu zitapinga, na zitakazopinga kwa sauti kubwa zaidi ni zile zilizo nafasi ya 15 kushuka chini, kwa sababu ndizo zinazojua parachuti ni zao kesho.