Msilisingizie Wingu

Juzi kwenye kibanda cha chai karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, nilimsikia bwana mmoja akisema, tena kwa uhakika, "Mlima uliwatokea tu winguni." Uliwatokea! Kama bodaboda inayochomoka uchochoroni bila taa.

Alikuwa anaizungumzia ile ndege ndogo aina ya Caravan iliyotoka Kitale Juni 5, 2018 ikaishia Nyandarua na watu 10, asipone hata mmoja. Sitamhukumu rubani wake, marehemu hawezi kujitetea. Lakini safu ya Aberdare walikogonga, ambayo kilele chake cha juu kabisa, Lesatima, kina mita 4,001, futi zaidi ya 13,000, haijasogea hata hatua moja tangu babu zetu wachunge mbuzi kule.

Ndani ya wingu macho hayana kazi. Kinachokuweka hai ni namba moja: kimo usichoshuka chini yake mpaka uwe na hakika uko wapi. Unaijua kabla ya kuwasha injini, na inakuponyoka kwa upuuzi. Nilipokuwa najifunza, nikiwa nimevishwa kofia ya kuniziba nisione nje, mwalimu aliniambia nikae futi 8,500. Nikainama kubadili masafa ya redio, kalamu ikaanguka, nikaanza kuipapasa chini ya kiti. Kalamu ya shilingi ishirini! Nainua uso, altimeta, chombo cha kuonyesha kimo, inasoma 8,050 na mshale bado unateremka, polepole, kama mzee anayeshuka ngazi. Mwalimu hakupiga kelele.

"Kilele cha Ngong ni mita 2,460," alisema. "Piga hesabu."

Nikapiga. Futi 8,070. Bahati tulikuwa juu ya mbuga za Athi.

Haya, nakubali shingo upande, vyombo navyo hudanganya. Altimeta hupima kimo kwa presha ya hewa; ukiiwekea hektopaskali 1023 wakati presha ya kweli ni 1013, itakuzawadia futi karibu 300 ambazo huna. Na ile ya mishale mitatu iliwapoteza hata wakongwe: Desemba 1958 kule Winkton, Uingereza, ndege nzima aina ya Britannia iligonga ardhi kwa sababu kimo kilisomwa na kosa la futi 10,000. Lakini hata hapo, wingu limekosa nini?

Nilimuuliza yule bwana kama amewahi kurusha ndege. Hajawahi, ila shemeji yake ni rubani. Basi shemeji, kama unasoma hapa: kesho ukiingia winguni, namba yako ni ngapi?