Kwenye huduma ndiko watakakopimwa
Kuna makala niliyosoma kuhusu kampuni ya magari inayoleta chapa mpya ya kifahari, na inasema itauzwa kwenye maduka yale yale ya magari yake ya kawaida. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi kuhusu huduma baada ya mauzo. Lexus, chapa ya kifahari ya Toyota, walipoingia sokoni Marekani mwaka 1989, miezi michache tu baadaye walilazimika kuyaita tena magari yao ya LS 400 yapatayo 8,000 yaliyokwisha kuuzwa ili yarekebishwe hitilafu, ikiwemo ya taa ya breki. Mafundi waliwafuata baadhi ya wateja hadi nyumbani, magari yakarudi yameoshwa na tangi limejaa. Jina likapanda! Anayelipa hela zote hizo hashibi kochi la ngozi na kahawa. Anataka fundi aliyelisomea gari hilo, gari la kutumia lake likiwa gereji, na simu inayopokelewa hata baada ya malipo.