Bustani ya bure imenifilisi

Jamani mie na hii bustani ya viroba siku moja nitalala nje. Ilianza kwa hasira tu, fungu la mchicha hapa gengeni limesinyaa mpaka ukilichambua unabaki na mashina na aibu, nikasema basi, mwanaume mzima nina kauchochoro kati ya choo na ukuta wa jirani, nashindwaje kuotesha mchicha ambao wiki tatu nne tu unachuma?

Nikajiapiza sinunui kifaa chochote. Kiroba cha mchele nikakijaza udongo na samadi, katikati nikasimamisha kopo la maziwa nimelikata matako, unajaza kokoto unalivuta juu, unajaza tena unalivuta, mpaka unapata nguzo ya kokoto inayoshusha maji hadi chini. Pembeni nikatoboa matundu nikachomeka miche ya sukuma wiki, kikapendeza hicho, nikapiga picha nikaweka status. Mama Salma akaja akasimama. "Baba Salma, mchele uliokuwa mle umeuweka wapi?" Kwenye beseni. "Beseni lipi?" La kufulia. Tukanuniana mpaka Ijumaa.

Miche ya nyanya nayo, si unajua rambo za plastiki zilipigwa marufuku Tanzania Juni 2019, nikawa naoteshea kwenye pakiti za maziwa, naziokota pale dukani kwa mangi kila jioni mpaka mangi akamuuliza mwanangu kwa upole eti baba anaendeleaje kiafya. Chupa za maji nikazikata matako, vifuniko nikavitoboa kwa sindano, nikazichomeka kichwa chini kwenye udongo, maji yanajidondokea yenyewe mie nipo kibaruani. Sindano ya nani? Ya Mama Salma. Ipo? Haipo.

Halafu wadudu mafuta wakaingia bila hodi. Nilishasikia majivu ni dawa, nikamwaga ya jiko zima, kumbe ni ya kunyunyizia kidogo tu, ukizidisha unaharibu udongo, majani yakageuka manjano utadhani yana homa. Nikahamia kwenye mwarobaini, majani nikayatwanga kwenye kinu, nikaloweka usiku kucha, asubuhi nikachuja nikatia sabuni kidogo nikapulizia. Na hapa nisiwe mnafiki, wadudu walipungua kweli. Ila kinu ni kilekile cha kisamvu na mie nilikisuuza harakaharaka, basi kisamvu cha Jumapili jamani, kichungu mpaka masikio yanasimama, watoto wanaangaliana, Mama Salma anaonja anaongeza nazi, anaonja anaongeza nazi, mie nakula kimya nasifia mapishi.

Mchicha wenyewe ulipofika wa kuchuma, kuku wa jirani wakaruka ukuta alfajiri wakamaliza. Nikaenda kulalamika, jibu nililopewa: "Kuku hana akili jirani, we ndo mwenye akili." Jioni nikarudi gengeni na mia tano yangu nikachukua fungu, yule mama akaniuliza bustani inasemaje, sikumjibu.

Kinachoniuma sasa, pale nyuma Mama Salma anapomwagaga maji ya kuoshea vyombo umeota mnyanya, hakuna aliyeupanda, hakuna chupa wala majivu, umebeba mpaka umelala chini. Jana nimenyoosha mkono nichume moja tu ya kachumbari.

"Baba Salma, hiyo bustani ni yangu, usiiguse."