Nani Amemvunja Mtu Huyu Pichani?

Jicho limehamia shavuni, midomo imekatwa jaridani, shingo haipo. Picha ya namna hiyo ikitundikwa Nairobi, hakosi mtu wa kuuliza kama aliyeitengeneza anajua kuchora. Wapenzi wa sanaa hulicheka swali hilo. Mimi silicheki.

Jijini wapo wachoraji wa penseli wanaonakili picha kutoka kwenye simu ya mteja, unywele kwa unywele. Mteja analipa ili marehemu mama yake afanane na mama yake, basi. Kwake uso mzima ni heshima, na huwezi kumwambia amepitwa na wakati.

Shida ni kwamba kufanana peke yake hakujawahi kuwa dhamana ya heshima. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa Joy Adamson, mchoraji mzaliwa wa Austria, kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya, ili mavazi na mapambo yao yahifadhiwe. Alichora mamia ya picha, na nyingine zimo Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Ufundi wake hauna shaka: shanga, hereni na mikunjo ya ngozi vyote vipo mahali pake. Lakini mtu ameitwa asimame kwa niaba ya kabila, na shanga zimeangaliwa kwa makini kuliko aliyezivaa.

Hapo ndipo wavunjaji wa sura wanapopata hoja. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, alichukua michoro ya kale ya kitabibu inayoonyesha maradhi ya viungo vya uzazi vya mwanamke, akabandika juu yake macho na midomo kutoka majarida. Unaona uso kwanza. Halafu unagundua kwamba shavu ni uvimbe, na unaanza kujiuliza nani alikuwa akiuchungulia mwili huo, na kwa ruhusa ya nani. Picha ya penseli, hata iwe safi vipi, isingekufikisha hapo. Michael Armitage naye huchora juu ya lubugo, nguo ya gome la mti kutoka Uganda, yenye matundu na mishono yake. Tundu likiangukia mwilini mwa mtu, linabaki hapo hapo.

Wanaonisumbua ni wafuasi wao. Kuyeyusha nyuso kumekuwa mtindo unaouzika, na mara nyingi ukitafuta kilichomvunja mtu pichani hukioni. Utakisoma kwenye maelezo ya ukutani. (Picasso naye, mchoraji wa Kihispania, mwaka 1907 alivunja nyuso za wanawake akiazima sura za vinyago vya Kiafrika, ilhali vinyago vyenyewe havikuwa vimevunja chochote. Vilikuwa na kazi zake.)

Ningependa galari moja iwatundike wavunjaji wote wa sura na wachoraji wa penseli kwenye ukuta mmoja, bila maelezo yoyote. Mutu na Armitage hawatatikisika. Baadhi ya wanaowaiga, nina hakika, wataomba maelezo yarudishwe.