Umeme wa Bukavu unaanzia kwenye mfereji wako

Umeme ukikatika Bukavu, mashariki mwa Kongo, macho yote yanageukia nguzo, nyaya na kabini za transfoma. Mfereji unaopita mbele ya mlango hautazamwi, wakati mara nyingi shida imeanzia humo.

Ziwa Kivu lina njia moja tu ya kutolea maji: mto Ruzizi, unaoanzia hapa hapa mjini, kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, kisha unateremka karibu mita 700 hadi Ziwa Tanganyika. Mteremko huo ni utajiri. Kituo cha umeme wa maji cha Ruzizi I kinazalisha umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Umeme wa kituo cha pili, Ruzizi II, cha mwaka 1989, unagawiwa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Gesi ya metani iliyo chini ya ziwa inasifiwa sana, na ni kweli Rwanda inaichota karibu na Kibuye. Ila sisi tunaishi kwa maji ya Ruzizi, na koo lake tunaliziba wenyewe.

Mvua ya Septemba ikipiga Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, mitaro inakokota chupa, sacheti (vifuko vya plastiki), ndala na majani ya ndizi hadi mto Kawa, halafu ziwani. Mkondo unavuta vyote kusini, kwenye bwawa la Ruzizi I. Chupa zinaelea, zinaokoteka. Adui ni sacheti: ikishalowa tope inazama kidogo, inavutwa na maji, inajibandika kama ngozi kwenye vyuma vya kizuizi kilicho mbele ya turbini. Maji yanapungua nyuma yake, turbini inapoteza nguvu. Ndipo mashine inasimamishwa, wapiga mbizi wanashuka kung'oa taka kwa mikono, na mtaani umeme unakatwa kwa zamu, tunaita delestaji. Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa, nao wanachambua plastiki hizo hizo kwenye nyavu.

Kuwatuma watu kuzoa taka bwawani kila siku ni lazima, lakini ni kukinga maji bila kufunga bomba. Taka izuiwe juu, avenyu kwa avenyu, kabla ya Septemba.

Njia ni kuweka kizuizi cha taka ndani ya mfereji. Chomelea vyuma vya kujengea, nafasi ya sentimita 5 kati ya kimoja na kingine: mchanga upite, chupa ibaki. Vilaze, ncha za juu zielekee kule maji yanakokwenda, ili taka ipande juu badala ya kujibana chini. Kosa linalorudiwa ni kufikisha vyuma hadi ukingo wa mfereji. Taka ikijaa, maji yanaingia nyumbani kwa jirani, na usiku huo huo kizuizi kinang'olewa. Acha theluthi ya juu wazi. Kiweke mahali ambapo mtu anafika na reki, na majina ya wanaosafisha yajulikane tangu mwanzo, kwa sababu kinatakiwa kusafishwa baada ya kila mvua kubwa, hata ikinyesha Jumapili.

Tope linalotolewa lisiachwe pembeni mwa mfereji. Mvua inayofuata italirudisha lote ndani.