Dawa mpya inahitaji mlipaji

Nimefurahi kweli kusoma katika makala yenu kwamba gepotidacin, antibayotiki mpya, iliidhinishwa Marekani Machi 2025 kutibu maambukizi ya njia ya mkojo. Ila suala la pesa, ambalo ndilo zito, mmeligusa juu juu. Kampuni ya Achaogen ilipata kibali cha plazomicin, antibayotiki nyingine, mwaka 2018, na Aprili 2019 ikaomba kufilisiwa! Antibayotiki mpya huwekwa akiba na kupewa wagonjwa wachache, ili bakteria wasijenge usugu haraka, kwa hiyo mauzo huwa hafifu. Uingereza imeanza kulipa ada ya mwaka kwa baadhi ya dawa hizi, zitumike sana au kidogo. Nchi nyingine tajiri zinangoja nini? Usugu huu uliua watu takriban milioni 1.27 mwaka 2019.