Mkataba ukishasainiwa ni wa nani? Nilichokiona Uholanzi, na tulivyo sisi Tanzania

Ndugu zangu, hili jambo nimekaa nalo muda mrefu sana, leo acha niliandike. Nipo Uholanzi mwaka wa tisa sasa, naishi The Hague, mji wenye mahakama za dunia hadi unazizoea. Mimi si mwanasheria, nafuatilia tu. Ila huku nimejifunza kitu ambacho nikiwa Tanzania hakikuwahi kunijia kichwani, kwamba mkataba wa kimataifa unaweza ukawa wa mtu wa kawaida, akaubeba akaenda nao mahakamani kuidai serikali yake mwenyewe.

Iko hivi. Katiba ya Waholanzi ibara ya 93 na 94 inasema kifungu cha mkataba kinachomgusa kila mtu kikishatangazwa basi kinafanya kazi chenyewe, na sheria ya Bunge ikigongana nacho ni sheria ndo inawekwa pembeni. Alafu ibara ya 120 ya katiba hiyohiyo inamkataza jaji kuipima sheria ya Bunge kwa katiba. Yaani jaji wa huku hawezi kukuambia sheria hii imevunja katiba, ila anaweza kukuambia imevunja mkataba, kwahiyo mtu akibanwa na serikali anakimbilia mikataba, hasa Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu.

Kesi iliyonifungua macho ni ya Urgenda. Asasi moja na wananchi 886 waliishtaki serikali kwamba inazembea kwenye hewa chafu inayopandisha joto la dunia, wakashika ibara ya 2 na ya 8 za ule mkataba, haki ya kuishi na haki ya maisha binafsi na ya familia, wakashinda ngazi zote tatu mpaka mahakama ya juu kabisa tarehe 20 Desemba 2019, serikali ikaamriwa ipunguze angalau asilimia 25 ukilinganisha na 1990 na iwe imefika hapo mwisho wa 2020. Niliikumbuka sana tarehe hiyo maana mwezi mmoja tu nyuma, 21 Novemba 2019, serikali yetu ilikuwa imetoa taarifa ya kuondoa tamko lake kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu.

Kwa wasiolijua hilo tamko: Itifaki (mkataba wa nyongeza) iliyounda mahakama hiyo, ibara ya 34(6), inasema mwananchi au asasi haiwezi kwenda moja kwa moja mpaka nchi yake iweke tamko la kuruhusu. Tanzania iliweka 2010. Tulipoliondoa, baada ya mwaka mmoja mlango ukafungwa kwa kesi mpya. Na mahakama yenyewe iko wapi? Arusha! Mholanzi akimaliza mahakama za kwao anapeleka shauri Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliyoko Strasbourg, Ufaransa, nchi nyingine kabisa, na anapokelewa. Mtanzania anapita nje ya geti la mahakama iliyoko nchini kwake na hana ruhusa ya kufungua kesi. Hili linaniuma, siwezi kuficha.

Wengine mtasema mahakama ile haikuwa na faida hata tulipokuwa tunaenda. Hapo ndo pa kumkumbuka mwanasiasa wetu Mchungaji Mtikila. Alipigania mgombea binafsi, yaani mtu agombee bila chama, miaka na miaka, mahakama za ndani zikamwishia, mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge, akaenda Arusha na tarehe 14 Juni 2013 akashinda, nchi ikaambiwa sheria zake zinavunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ikaweka mgombea binafsi, kura ya maoni ikapangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa na haijafanyika. Mtikila akafariki ajalini mwanzoni mwa Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi. Uchaguzi huo ukapita bila mgombea binafsi, na wa 2020 hivyohivyo. Na Mkataba wa Vienna wa 1969 unaohusu sheria ya mikataba, ibara ya 27, unasema wazi nchi haiwezi kutumia sheria zake za ndani kama sababu ya kutotekeleza mkataba.

Sasa linganisha na ile ndege. Mwishoni mwa 2022 Airbus ya shirika letu la ndege ilizuiwa hapahapa Uholanzi, Maastricht. Kampuni ya Sweden iliyokuwa na mradi wa sukari Bagamoyo ilishinda kesi kwenye kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, Washington, kwa kutumia mkataba wa uwekezaji wa Tanzania na Sweden, tukaamriwa tulipe kama dola milioni 165. Ulikuwa mkataba tu, umesainiwa kama ile mingine, lakini mwenye nao alifika mpaka kwenye ndege yetu ikiwa imepaki nchi ya tatu. Mimi nilipoisoma hiyo habari nikakaa kimya kabisa. Saini ni ya nchi ileile, ahadi ni ahadi, ila mwekezaji akishinda mali ya taifa inashikwa, Mtikila akishinda analeta karatasi nyumbani. Nadhani hapa ndo tofauti kubwa kuliko zote na wala haiko kwenye umasikini wetu.

Tuwe wakweli pia, na huku si peponi. Kuna mikataba inapita kwa kimya, inapelekwa bungeni na siku 30 zikiisha bila baraza lolote au moja ya tano ya wabunge kutaka mjadala, imepita. Mwaka 2016 walipiga kura ya maoni kuhusu mkataba wa ushirikiano wa Umoja wa Ulaya na Ukraine, waliojitokeza asilimia 32 tu na katika hao asilimia 61 wakasema hapana, serikali ikaenda kutafuta maelezo ya ziada kwa viongozi wenzake wa Ulaya, mwaka uliofuata mkataba ukaridhiwa, na 2018 sheria yenyewe ya kura hizo ikafutwa. Na mkataba wao wa uwekezaji na sisi tuliusitisha, ukaisha 1 Aprili 2019, na nadhani tulifanya vizuri, ila una kifungu kinacholinda uwekezaji wa kabla ya hapo miaka 15 mbele, kwahiyo mpaka 2034 bado uko nasi.

Lakini angalau huku mkataba unachapishwa kwenye gazeti rasmi, Tractatenblad, mtu yeyote anausoma bure. Sisi ule wa bandari na Dubai ulisainiwa Oktoba 2022, mimi na wengi ninaowajua tuliuona mara ya kwanza WhatsApp katikati ya 2023, Bunge likauridhia 10 Juni, watu wakaenda Mahakama Kuu Mbeya, kesi ikatupwa Agosti. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba yetu inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia, sawa, ila kujadili kitu ambacho wananchi hawajapata hata muda wa kukisoma kunamsaidia nani?

Na hata Bunge likiridhia, kwetu mkataba unasubiri tena itungwe sheria. Mkataba wa Haki za Mtoto tuliuridhia 1991, Sheria ya Mtoto ikatungwa 2009. Hesabu mwenyewe, mtoto aliyezaliwa mwaka tulioridhia alishafika miaka 18 ndo sheria yake ikaja. Mfumo huo tuliurithi kwa Mwingereza na wao wanao mpaka leo, sisemi tuutupe kesho asubuhi. Mimi ninachoomba ni kidogo sana. Maandishi ya mkataba yatoke kwa Kiswahili kabla Bunge halijakaa, na lile tamko la 34(6) lirudi. Itifaki inasema nchi inaweza kuliweka wakati wowote baada ya kuridhia, na sisi tulisharidhia tangu 2006.